Machozi Peke Yake Si Somo

Hapa Joubert Park, katikati ya Johannesburg, watoto wawili wa dawati moja huenda mmoja wazazi wake wametoka Soweto na mwingine Lubumbashi, Kigali au Dar es Salaam. Mwalimu anayetaka kuwafundisha historia chungu ana msaidizi anayeeleweka na wote, nayo ni filamu. Kitabu kinadai Kiingereza kizuri na subira. Sinema inadai macho tu. Lakini tujiulize: mwanafunzi akitoka darasani analia, je, amefundishwa?

Tuchukue mfano wa mji huuhuu. Riwaya ya Athol Fugard, Tsotsi, iliyochapishwa 1980, inasimulia Sophiatown ya miaka ya 1950. Kijana jambazi alipoteza utoto wake usiku ambao polisi walimkamata mama yake katika msako wa pasi. Pasi hiyo ni ndugu yake kipande, ambacho wazee wetu wa Kenya walilazimishwa kutundika shingoni. Gavin Hood alipotengeneza filamu mwaka 2005, aliihamishia hadithi katika miaka ya baada ya ubaguzi wa rangi. Mama sasa ni mgonjwa kitandani, na baba ni mkatili. Filamu ni nzuri, ikapata Oscar mwaka 2006. Ila katika kitabu mwenye hatia ni sheria ya serikali. Katika filamu ni maradhi na baba. Machozi ni yaleyale, mshitakiwa siye yuleyule.

Hapo ndipo penye suala la maadili. Kumhurumia aliyeteswa ni wema, lakini haki inadai pia tujue aliteswa na nani na kwa amri gani. Huruma isiyouliza hayo huisha taa zikiwashwa.

Hali ni hiyohiyo kwa Hotel Rwanda ya Terry George (2004), kuhusu mauaji ya kimbari ya 1994. Sehemu kubwa ilipigwa Johannesburg, hivyo mtoto wa hapa anaweza kuona mtaa wa mji wake ukiitwa Kigali. Ndiyo kazi ya sinema, hatulaumu. Lakini filamu ilimfanya meneja wa hoteli, Paul Rusesabagina, kuwa shujaa, na baadhi ya walionusurika wamelipinga hilo. Mwaka 2021 mahakama ya Rwanda ilimfunga miaka 25 kwa ugaidi, kesi iliyolaumiwa na wengi nje, akaachiwa 2023. Mwalimu anayeishia pale filamu inapoishia amefundisha nusu.

Na yule mtoto ambaye ukoo wake uliteketea siku zile? Hakuja shuleni kuwa kielelezo cha wenzake. Aambiwe mapema kitakachoonyeshwa, na akitaka kutoka, atoke bila kuulizwa.

Wengine watasema bila sinema watoto hawatagusa kitabu. Ni kweli, na mimi sisemi ifungwe. Ionyeshwe, kisha usomwe ukurasa uleule wa kitabu au ushahidi wa walioshuhudia, na darasa liulizwe: nini kimeondolewa, na kuondolewa kwake kunamwokoa nani na lawama?

Nasi wazazi wa ughaibuni, ambao watoto wetu wanaijua kwao kwa kioo cha televisheni, kazi hiyo inatuhusu. Filamu ikiisha, tusikimbilie kulala. Tukae nao, tuwaulize walichokiona, tuwaeleze tunachokijua.