Haipo, ama Hutaki Nijue?

Saa nane usiku ukurasa ulifunguka ukiwa uchi. Maneno yote yalikuwepo, lakini rangi hakuna, picha hakuna, menyu imemwagika kushoto kama vyombo vya mpangaji aliyetolewa nje na mwenye nyumba. Ilikuwa tovuti ya mama mmoja anayeuza keki, na nilikuwa nimemwahidi kwamba asubuhi ataikuta hewani. Mimi huandika kwa kulipwa makala moja moja. Mwezi ukikauka, natengenezea watu tovuti ndogo kwa Django, kwenye laptopu yangu, kwa anwani 127.0.0.1 ambayo hakuna mwingine anayeiona.

Kila picha ilikuwa imejibiwa kwa nambari moja: 404. Haipatikani.

Basi nikaanza kutafuta. Nikafungua folda: picha zipo. Nikakagua majina herufi kwa herufi, maana Linux haina huruma, kwake Keki.JPG na keki.jpg ni vitu viwili tofauti. Majina yako sawa. Nikafuta kumbukumbu ya kivinjari. Nikahamisha folda, nikairudisha. Ilipofika saa kumi ndipo nikakumbuka nilichofanya jioni: nilikuwa nimebadilisha DEBUG kutoka True kuwa False, nikijiandaa kupandisha tovuti hewani.

Kumbe shida ilikuwa hapo. DEBUG ikiwa True, seva ndogo ya Django ya majaribio hugawa picha, rangi na fonti yenyewe, kama hisani kwa fundi. Ukiiweka False, inachukulia kwamba sasa mambo ni ya kweli, na kwamba kazi hiyo umempa mwingine, kama Nginx au WhiteNoise, baada ya kukusanya faili mahali pamoja kwa amri ya collectstatic. Inaacha kutazama kwenye zile folda. Niliporudisha True, keki zilitokea zote na krimu yake. Kabla ya kupambazuka nilikuwa nimeweka WhiteNoise, na tovuti ikapanda DEBUG ikiwa False, inavyotakiwa.

Lakini masaa mawili nilikuwa nimetafuta kitu ambacho hakikupotea. Nilisoma 404 kama "haipo". Seva ilikuwa imesema tu "sijaiona", bila kuongeza kwamba haikutazama.

Walioandika kanuni za wavuti waliijua tofauti hii. RFC 9110, waraka wa 2022 unaoeleza lugha ambayo vivinjari na seva huongea, unasema 404 ina maana mbili: seva haikupata kitu hicho, ama haiko tayari kukiri kwamba kipo. Kuna nambari nyingine, 403, ya kusema waziwazi: nimekuelewa, ila nakataa. Lakini seva ikitaka kuficha hata uwepo wa kitu, waraka unairuhusu ijibu 404 badala ya 403. GitHub hufanya hivyo. Ukiuliza mradi wa siri wa mtu bila ruhusa, unaambiwa haupatikani.

Je, huo ni uongo? Mwaka 1797 mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika kwamba hata muuaji akikuuliza kama rafiki yako yuko ndani, huna haki ya kumdanganya. Mimi sifiki huko. Seva iliyo hewani hubishiwa hodi na wageni usiku kucha, na kumwambia kila mmoja "kipo, ila kimefungwa" ni kumwonyesha pa kuvunja. Asiye na haki ya jibu simwoni kama mtu ninayemdai wala kunidai ukweli.

Balaa inaanza pale anayeuliza ana haki. Wengi wetu tumesimama kwenye dirisha la ofisi fulani tukaambiwa, "Faili yako haionekani." Kitenzi chenyewe ni kijanja. Hakuna mtu aliyeshindwa kuiona. Haionekani tu, yenyewe. Unarudi kesho, unarudi wiki ijayo, mpaka siku utoe kitu kidogo, na ghafla inaonekana. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inamtaka afisa anayekunyima aeleze sababu. Kwa lugha ya seva, sheria inadai 403 yenye maelezo.

Na tofauti si ndogo. Ukipewa 403 unajua aliyekataa ni nani, unaweza kubishana naye, hata kukata rufaa. Ukipewa 404 unajishuku mwenyewe: pengine nilikosea jina, pengine nilikuja dirisha lisilo langu. Hiyo ndiyo dhuluma yake. Inambebesha mwenye haki mzigo wa kutafuta kisichopotea.

Ningependa kuishia hapa, nikiwa nimesimama upande wa haki. Lakini kila Jumapili mama hunipigia simu.

"Baba, mahafali ni lini? Fundi anataka nimpelekee kitenge mapema."

"Tarehe haijaonekana, mama."

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Haijaonekana: nimetumia kitenzi kile kile cha dirishani, na kwa mtu aliyeuza ng'ombe ili nilipe karo ya kwanza. Kama kuna mtu duniani mwenye haki ya jibu langu, ni huyu. Wiki iliyopita aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ama ni ile karo hatukumaliza? Niambie tu, nitatafuta." Hapo nikamwona kama nilivyokuwa saa nane usiku, akikagua folda zake herufi kwa herufi, akitafuta kosa lake mahali ambapo hakuna kosa lake.

Sidhani ninamdai kila kitu. Zipo sababu ambazo bado ni zangu, nyingine hata mimi sizielewi vizuri. Lakini naweza kumwambia: mama, niliacha chuo, si kwa ajili ya karo, na mengine siwezi kuyasema leo. Hilo ni katazo, na litamuuma. Angalau ataacha kutafuta.

Nitampigia mimi, kabla ya Jumapili, kabla kitenge hakijakatwa.