Mtoto Haombewi Peke Yake

Wazazi hutuletea kijana wakisema, "Mchungaji, mwombee, ni mkaidi." Tunaomba, kisha anarudi nyumba ileile ya matusi na fimbo. Sisi tuliotoka Kabezi, tuliokusanywa kambini mwaka 1999 tungali vijana, hofu ile tunaibeba bado, nasi tunailisha watoto wetu. Utafiti wa Burundi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wazazi walipofundishwa kwa vikao viwili tu, ukali wa watoto ulipungua, hasa wavulana. Huzuni yao haikuondoka; tusidanganyane. Paulo naye hakuwaonya watoto peke yao: katika Waefeso 6:4 aliwageukia akina baba. Basi safari nyingine njoni nyumba nzima, na baba pia, hata akiwa amenuna.