Kutengeneza si Kuficha

Fundi ana haki gani juu ya uzee wa kitu alichokabidhiwa? Swali hili lilinijia siku binti wa rafiki yangu marehemu aliponiletea kompyuta ya babake: BBC Micro, iliyotolewa na kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, mwaka 1981. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 32 tu. "Ami," akaniambia, "iwashe, na uirudishe iwe kama mpya."

Ombi lilikuwa moja, lakini ndani yake mlikuwa na mawili. La kwanza halikunipa shida. Kapasita za kwenye kisanduku cha umeme huzeeka, zikapasuka na kutoa moshi. Nikazing'oa za zamani, nikalehemu nyingine. Anayeona hilo ni kosa, na amlaumu pia seremala abadilishaye ubao uliooza wa jahazi. Jahazi lisilobadilishwa ubao halibaki la asili; huzama.

La pili ndilo lililonikesha. Ganda la plastiki lilikuwa limegeuka manjano kwa jua na miaka. Ukilipaka haidrojeni peroksaidi na kulianika juani, manjano hupungua na rangi yake ya awali hurudi. Vitufe navyo vilikuwa vimelainika kwa vidole vya marehemu. Ubao uliooza ni maradhi. Lakini ulaini ule si maradhi, ni ushahidi. Nami katika kutafsiri, neno lililoliwa na mchwa hulijazia, nikaonyesha nilipojazia; ila mshairi aliyetunga akiwa mzee simfanyi kijana.

Nikamweleza binti. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Ami, mama anataka kuiona kama alivyoiona siku ya mwanzo."

Hapo hoja yangu ikapungua nguvu. Nilikuwa nikimtetea marehemu dhidi ya mjane wake, na hakuna aliyenipa uwakili huo. Uzee wa kitu si milki ya fundi, wala ya wapenda vya kale. Ni wa wale walioishi nacho.

Nikaling'arisha ganda. Vitufe nikaomba niviache, nikakubaliwa. Ndani nikabandika karatasi yenye tarehe na orodha ya kila nilichobadili, ili atakayeifungua baada yangu asidanganyike.

Tangu siku hiyo naamini kuwa uaminifu wa fundi, kama wa mfasiri, si kutogusa. Ni kumuuliza mwenyewe kwanza, na kutoficha alipopita mkono wako.