Mkono Uingie Lini?

Wapendwa, wiki hii nataka tukae na swali moja. Unapomwona kiumbe anahangaika, na wewe una uwezo wa kumfikia, ni lini umsaidie na ni lini umwache amalize mwenyewe? Nitalijibu kupitia buibui. Najua kuna ambao wameshakunja uso. Vumilieni kidogo.

Naongea juu ya tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya. Kule Marekani na Ulaya kuna watu wanaowafuga nyumbani kwenye masanduku ya plastiki ama ya vioo, vile sisi tunavyofuga paka. Anayependwa sana ni yule wa Meksiko, mweusi mwenye magoti ya rangi ya chungwa.

Buibui hana mifupa ndani. Gamba lake la nje ndilo linalomshikilia, na gamba hilo halipanuki. Ili akue, lazima atoke ndani yake mzima mzima: kila mguu, meno, hata utando wa ndani ya tumbo analofyonzea chakula. Mdogo hujivua mara nyingi kwa mwaka; mkubwa huenda mwaka mzima ukapita, ama zaidi. Siku zikikaribia anakataa chakula, tumbo linaingia weusi, anatandika mkeka wa nyuzi zake, halafu analala chali. Kuna waliomtupa wakidhani amekufa, na kumbe yuko kazini! Anayekufa kwa kawaida hukunja miguu chini ya mwili.

Kwanza kifuniko cha mgongo kinafunguka kama mfuniko wa sufuria. Kisha anaanza kutoa miguu polepole, na kazi hiyo yaweza kuchukua saa nyingi. Wakati huo mwili ni laini kabisa. Ukimvuta, mguu unakatika, na anaweza kuvuja hadi afe. Hata panzi aliyewekewa kama chakula anaweza kumgeuka na kumtafuna yeye.

Wanaofuga kuku wa kienyeji wanalijua jambo hili. Kifaranga anasukuma ganda siku nzima, mtoto wa nyumba anamwonea huruma, anambandulia. Damu inatoka, kwa sababu mishipa ilikuwa bado haijamaliza kazi yake na ganda. Huruma ilikuwa ya kweli, na kifaranga amekufa.

Basi si tuseme tu, usiguse, mwachie Mungu? Hapo ndipo mimi nasita. Porini buibui huyu huishi shimoni, na shimo linamtunzia unyevu hata juu kukiwa kukavu. Ndani ya sanduku atachimba wapi? Mvua yake ni wewe. Na kukosa maji ni mojawapo ya sababu kubwa zinazomfanya anase, kwa maana miguu yake hainyooshwi na misuli peke yake. Inanyooshwa na msukumo wa majimaji ya mwili. Akikaukiwa, nguvu hiyo ataitoa wapi? Sasa mtu ameacha kisahani kikavu wiki mbili, buibui amenasa, naye anakunja mikono na kusema tuache maumbile yafanye kazi. Hayo si maumbile. Ni deni lake ambalo hajalipa. Mithali 12:10 inamtambua mtu wa haki hata kwa namna anavyojali uhai wa mnyama wake, na mnyama wako ni pamoja na yule uliyemfungia.

Mama mmoja wa ushirika wetu ana kijana huko Dallas anayefuga mmoja. Jioni moja alinijia na simu. "Pasta, huyu mtoto anauliza kama avute. Nimwambie nini?" Kwenye video gamba lilikuwa limetoka karibu lote, lakini miguu miwili ya nyuma ilikuwa imenasa, kama mtu aliyeshindwa kuvua gambuti.

Mimi nilisomea biashara, si udaktari wa mifugo. Lakini biashara ilinizoesha kuuliza, hasara ikitokea, nani atailipa? Hapa anayevuta halipi chochote. Moyo wake utatulia kwa dakika moja kwamba amefanya kitu, na bili itaenda kwa buibui. Tena aliyengoja anaweza kubadilisha nia baada ya saa moja, lakini aliyekata mguu harudi nyuma. Kwa hivyo nilimwambia mama, asivute. Kwanza aulize waliofuga kwa miaka mingi.

Aliuliza, wakamfundisha. Alichukua brashi laini ya rangi, akailowesha kwa maji ya vuguvugu, akawa anagusisha pale gamba liliponasa tu, anaacha, anafunika sanduku kwa kitambaa, anarudi baadaye. Mguu mmoja ulitoka. Wa pili ulikataa, na kufikia asubuhi buibui mwenyewe alikuwa ameuachia. Ameumbwa na uwezo huo, kukatia mguu kwenye kiungo karibu na mwili, jeraha likafunga. Akijivua tena utaota, mdogo kwanza.

Kuna atakayesema, Pasta, yote haya kwa buibui? Ndiyo, na tena hatatoa ushuhuda. Hamjui mwenye sanduku. Hatakuja kumshukuru, na akisumbuliwa atamrushia manyoya yanayowasha. Kwangu hiyo ndiyo faida ya mfano huu. Tunaposaidiana sisi kwa sisi, shukrani na sifa zinaingia katikati hadi hujui ulichokuwa unatafuta. Kwa buibui, ukitoa hofu yako mwenyewe, kinachobaki ni hitaji lake tu.

Wengine wanauliza kama afugwe kabisa, na ni swali la haki. Hapa kwetu kukamata viumbe wa porini bila kibali ni kosa. Mnakumbuka mwaka wa 2025, vijana wawili wa Ubelgiji walipokutwa na chungu wapatao 5,000, wale wadudu wadogo, wakatozwa faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja ama kifungo cha miezi 12. Kwa kule inakoruhusiwa, mimi ningetaka mnunuzi apige hesabu kabla ya kulipa. Tarantula wa kike wa aina hiyo ya Meksiko anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Anayemnunua leo akiwa na miaka 18 anaweza kuwa bado anamjazia kisahani cha maji wakati watoto wake mwenyewe wako shule ya msingi.