Maji Yanakwenda Wapi?

Dereva wa gari kuukuu la abiria hapa Kenyamonta, aongezaye maji kila asubuhi kabla ya safari ya Mugumu, je, ni mwangalifu? Kuongeza maji si kosa. Kosa ni kutouliza yanakwenda wapi. Tundu dogo la mpira wa rejeta huvuja injini ikipata moto. Ikipoa hukauka, ikabaki alama ya kutu tu. Nje kukiwa kukavu, atazame oili: ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Abiria wamemkabidhi maisha yao.

Nasi tuungamao kosa lile lile kila Jumapili tumefanana naye. Tuungame, kisha tulitafute tundu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.