Kama Mbio Zisingekuwepo

Jumapili ya Kilimanjaro Marathon, mbio zinazokimbiwa Moshi tangu 2003, mji huamka kabla ya kengele za kanisa. Mwaka mmoja nilikosa ibada kwa ajili ya posho. Nilikuwa mdadisi, nimesimama uwanjani pale Chuo Kikuu cha Ushirika na kishikwambi mkononi: umetoka wapi, umelala wapi, siku ngapi, umetumia shilingi ngapi?

Tulitaka kujua mbio zinauletea mji fedha kiasi gani. Kuzidisha si kazi: wageni, mara siku, mara matumizi. Kazi iko kwenye kutoa. Mkazi wa Moshi aliyenunua soda uwanjani haingii kwenye hesabu, maana soda hiyo angeinywa hata mtaani kwake. Mzungu aliyekuja kupanda mlima, akaona watu wanakimbia naye akajiunga, haingii. Mlima ndio uliomleta. Ndiyo maana swali zito kuliko yote hukaa mwisho: kama mbio zisingekuwepo, ungekuja?

Nilimfikia kijana aliyemaliza kilomita 21, jasho la mpando wa Mweka halijamkauka. Katoka Dar, kalala Kibosho kwa mama yake. Mama mwenyewe alikuwa kando, kitenge mabegani, chupa ya mtori mapajani. Malazi, sifuri. Chakula, sifuri.

"Na kuku niliyemchinja jana?" mama akadakia.

Kishikwambi hakikuwa na mahali pa kuku asiyeuzwa.

Nikauliza la mwisho. Kijana alimtazama mama, kisha akainamia viatu vyake. "Nisingekuja."

Kwa hesabu, hakuna jibu tamu kama hilo. Kila shilingi aliyoiacha Moshi ni zao la mbio. Angesema angekuja tu, tungemtoa. Lakini nilibonyeza "hapana" mbele ya mama ambaye Krismasi, Wachaga wakipanda nyumbani kwa mafuriko, huenda alisikia magari yakikata kona kwa majirani tu.

Jioni nilifungua Luka 15. Mwana mpotevu hakurudishwa na mapenzi. Njaa ndiyo iliyomrudisha, na maneno ya toba aliyapanga angali kwa nguruwe. Baba hakumwuliza iwapo angekuja kama nchi ya mbali alikokuwa isingeingiwa na njaa. Alichinja ndama. Mwenye hesabu pale nyumbani alikuwa kaka mkubwa: miaka aliyotumika, mwana-mbuzi ambaye hakupewa. Nikajitambua. Mdadisi ni yeye.

Simdharau kaka yule. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na anayetaka kutumia fedha za umma kuleta wageni lazima aulize kilichowaleta, la sivyo atajisifia hata mlima. Ila sababu ya kuja ni swali la mwenye mfuko. Wahenga waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakumwekea mgeni sharti la nia. Kupona kwa mwenyeji kunaanza mtu akishakanyaga kizingiti, awe ameletwa na upendo, na njaa, au na medali.

Hilo mama yule alilijua kabla yangu. Pale uwanjani hakununa. Alinimiminia mtori kwenye kikombe, akaikataa elfu moja yangu, kisha akakichungulia kishikwambi.

"Andika hivyo hivyo, mwanangu," akasema. "Na uwaambie wakubwa zako, mbio hizi ziwe kila mwezi."