Amana ya Bahasha

Yapo mambo ambayo mtu akiyatazama juu juu huyadhania kuwa ni mchezo wa wenye nafasi, lakini akiyachimbua huyakuta yamebeba swali zito. Ukusanyaji wa bahasha za ukumbusho wa safari za kwanza za barua za ndege ni mmojawapo wa michezo hiyo. Wapo watu ambao hutoa fedha nyingi kwa bahasha moja iliyochakaa, mradi iwe imesafiri katika ndege iliyofungua njia mpya. Aghalabu bahasha hiyo haina barua ndani. Aliyeituma alijiandikia mwenyewe, ili imrudie ikiwa imepigwa mihuri. Basi tunauliza: bahasha isiyobeba neno la mtu kwa mwenziwe ina thamani gani? Na je, sisi watu wa mwambao, kuanzia Dar es Salaam hadi Bagamoyo, Pangani na Tanga, yatupasa kuienzi?

Tuanze na historia, maana asiyejua maana haambiwi maana. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya barua kutoka Croydon, kando ya London, hadi Mwanza. Kutoka Khartoum barua zilichukuliwa na ndege ya kutua majini, zikafika Mwanza tarehe 10 Machi. Siku kumi! Ili kuipima ajabu hiyo, hatuna budi kurudi nyuma miaka sitini. Barua za Livingstone zilizotoka Unguja mwezi wa Novemba 1870, zikavushwa hadi Bagamoyo ili zipelekwe bara, zilimfikia Ujiji mwaka 1871 mikononi mwa Stanley, baada ya kukaa njiani karibu mwaka mzima. Kwa hiyo hatuwezi kumcheka mtu wa 1931 aliyetaka kuweka kumbukumbu ya mwendo ule mpya.

Hata hivyo, wapo wenzetu wasemao kwamba bahasha hizo si zetu. Husema kuwa njia ile ilifunguliwa ili kuunganisha makoloni na mji mkuu wa mtawala. Stempu zilikuwa na sura ya mfalme wa watu wengine. Na anwani zilikuwa za wageni. Kwa nini basi mtoto wa Bagamoyo afundishwe kuvitunza vitu hivyo kama sehemu ya utamaduni wa taifa lake? Hoja hii ina ukweli ndani yake, nasi hatuibezi. Lakini tunaona kuwa wenye hoja hiyo wameitazama bahasha upande mmoja tu.

Bahasha ina pande mbili. Upande wa mbele ndio wenye stempu, anwani na maandishi ya kujivunia safari ya kwanza. Upande wa nyuma ndiko mara nyingi ilikopigwa mihuri ya kupita na ya kufika. Upande wa mbele humtaja aliyetuma na chombo alichokitukuza; upande wa nyuma hutuonyesha kazi ya waliopokea na kupeleka. Ndege haikutua mlangoni pa mtu. Barua ya kuja mwambao, ikiisha kushushwa Mwanza, ilikuwa bado na safari ndefu ya gari moshi kupitia Tabora hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo ndipo ielekezwe Bagamoyo. Alikuwapo aliyeshusha mifuko, aliyechambua, aliyepiga muhuri, na aliyebeba hadi mwisho. Majina ya marubani yameandikwa vitabuni. Majina ya hao hayakuandikwa hata nyuma ya bahasha. Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa.

Na kazi hiyo haikuanza na ndege. Wajerumani walipofungua posta Bagamoyo mwezi wa Oktoba 1890, walikuta njia za wapagazi zimekwisha kukanyagwa, na manahodha wakichukua nyaraka kutoka bandari hadi bandari. Mfano mkubwa kuliko yote umo katika ardhi ya Bagamoyo yenyewe. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake pamoja na maandishi yake, wakaufikisha Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Hapakuwa na bwana aliyebaki kuwaamuru wala kuwasimamia. Walikuwa na amana, nao wakaifikisha.

Neno hilo, amana, ndilo jibu la swali letu. Thamani ya bahasha haitokani na bei yake mnadani, wala haitokani na kuwa ya kwanza. Inatokana na ushahidi wake kwamba mtu alimkabidhi asiyemjua kitu kilichofungwa, na huyo akakipeleka bila kukifungua, hadi kikamfikia aliyekusudiwa. Mwezi wa Juni 1937 ndege za kutua majini zilipoanza kupita bandari ya Dar es Salaam zikienda Durban, na barua za kawaida kutoka Uingereza zikaanza kuletwa kwa ndege bila malipo ya ziada, ajabu iligeuka kuwa desturi, na desturi haikusanywi. Lakini sisi tunasema kuwa safari ya kwanza hujaribu chombo; safari ya elfu hujaribu uaminifu. Barua, kama tusemavyo, ni nusu ya kuonana, na waliotuonanisha ni watu wa safari ya elfu.

Hivyo basi, bahasha za ndege za mwanzo na zitunzwe, lakini zisomwe pande zote mbili. Mwalimu akipata hata picha ya bahasha moja, awaulize wanafunzi wake: ilipita wapi, ilibadilisha mikono mara ngapi, na nani hakutajwa? Kisha wageukie masanduku ya nyumbani kwao. Humo zimo bahasha za wazee, nyingine zenye Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo mchwa wanazila na sisi tunazichomea takataka. Hizo hazina mnunuzi wa ng'ambo, lakini zilibeba habari za misiba, mahari, mizigo na salamu. Wanafunzi waziombe kwa adabu. Na mzee akikubali kutoa bahasha lakini akaizuia barua, wasimshurutishe. Siri ya watu wawili nayo ni amana, na mkusanyaji asiyeiheshimu hajajifunza lolote kwa yule mpagazi aliyeibeba bila kuifungua.